Siku Kumi za Mbwa Diwani

Nimestaafu. Wenzangu vijana wa ofisi ya mifugo walinifanyia karamu wakanipa saa ya ukutani, zawadi ya busara kabisa kwa mtu ambaye sasa hana pa kuwahi. Kisha mmoja wao akaniomba niandike machache kuhusu kazi, "ili tujifunze, Mama." Nilimwelewa. Wanataka nikae mahali na kalamu, nisiende ofisini kuwasumbua. Basi nimekaa. Vyeo sitaviandika, vilikuwa vichache na vyote vilichelewa. Mshahara nao tuuache upumzike. Nitaandika zaidi kuhusu mbwa mmoja, kwa sababu ng'ombe niliowatibu ni wengi mno na wote walinishukuru kwa njia moja, yaani kwa teke.

Nilifika Kakamega mwanzoni mwa miaka ya tisini nikiwa na cheti cha msaidizi wa afya ya mifugo, sanduku moja, na gambuti nilizopewa stoo. Gambuti hizo zilikuwa za mwanamume mwenye miguu mirefu kuliko yangu, kwa sababu aliyeziagiza hakuwa amewaza kwamba mwanamke anaweza kukanyaga samadi kwa hiari yake. Nilizijaza magazeti nikaenda kazini. Mfugaji wa kwanza niliyetumwa kwake alinitazama, akatazama nyuma yangu, akatazama barabarani.

"Daktari ako wapi?"

"Ni mimi."

"Aa," akasema kwa upole. "Basi tutangojea."

Tulingoja, mimi na yeye na ng'ombe mwenye homa, mpaka Mzee Liyayi alipofika kwa baiskeli. Mzee Liyayi ndiye aliyepewa kazi ya kunifundisha. Alikuwa mtu mfupi, mkongwe wa ofisi, na alipoelezwa kwamba tunamngoja yeye, alipita moja kwa moja hadi nyuma ya ng'ombe. "Daktari ni huyo," akamwambia mfugaji. "Mimi nimekuja kushika mkia." Na kweli akaushika, mpaka nilipomaliza kudunga sindano. Chuoni nilikaa miaka miwili na hakuna mwalimu aliyewahi kunishikia mkia.

Ninyi wa leo mna sindano za kutupa. Sisi tulikuwa na bomba la chuma tulilolichemsha kila asubuhi. Mzee Liyayi alikuwa na sufuria mbili zilizofanana, moja ya sindano na moja ya chai, na alizitambua kwa kuwa ile chafu ndiyo ya chai. Tulikuwa pia na mti wenye kitanzi cha kukamatia mbwa, sanduku la barafu la kubebea chanjo, ambalo barafu yake iliishia njiani, na kabati lenye kufuli lililotunza chupa ya sumu ya mbwa wazururaji. Mbwa wa Kakamega walipewa serikali ya huruma sana: chanjo mkono mmoja, chupa mkono mwingine.

Mzee Liyayi alinipa vitu viwili vyake mwenyewe. Cha kwanza ni filimbi ya chuma ya josho. Pale kwenye josho la ng'ombe unapiga mara moja, kijana wa langoni anafungua, ng'ombe anayefuata anajitupa kwenye dawa. Cha pili ni swali. Kabla ya kumgusa mnyama yeyote, alisema, uliza kwao ni wapi. Amelelewa na nani, na huko alikuwa anafanya nini. Filimbi niliivaa shingoni kama medali. Swali niliona ni porojo za wazee, nikaliacha ofisini pamoja na mwavuli. Muyakumbuke hayo mawili, kwa sababu ndiyo yaliyonifanya mjinga kwa muda wa siku saba mbele ya ploti nzima.

Siku moja barua ikaja kutoka kwa naibu wa chifu. Mbwa mmoja katika ploti fulani ya kupangisha pembeni mwa mji alikuwa ameua paka wa jirani, alikuwa anafukuza wengine, na ofisi ya mifugo ilitakiwa "kumwondoa." Neno zuri hilo, kuondoa. Kama kumwondoa mgeni kitini. Mzee Liyayi alikuwa amechukua likizo, kwa hiyo barua ikawekwa mbele yangu, na funguo za kabati juu yake.

Ploti yenyewe ilikuwa na milango kumi na miwili iliyotazamana, bomba moja la maji katikati na geti la mabati. Mlango wa nne alikaa Mwalimu Ambani, mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole anayezungumza kama anaomba ruhusa. Baba yake, mtu wa Malinya, alikuwa amefariki miezi miwili nyuma. Mzee huyo alikuwa na fahali wa kupigana aliyejulikana Ikolomani nzima. Fahali na shamba vilikwenda kwa kaka mkubwa, ambaye alikuwa na mahali pa kuviweka na sauti ya kuvidai. Mwalimu alipata koti, redio isiyoshika stesheni, na mbwa.

Mbwa aliitwa Diwani, kwa sababu, Mwalimu alieleza, tangu utoto alipenda kutangulia mbele ya watu bila kuulizwa. Rangi ya udongo, kifua kipana, sikio moja limepasuka. Kwa watu alikuwa mstaarabu ajabu. Alininusa gambuti akakaa chini. Nilimwambia Mwalimu kilichonileta, na akakaa chini vilevile.

"Daktari, mimi siwezi kukataa sheria," alisema. "Lakini huyu ndiye amebaki anajuanga sauti ya baba. Nikikohoa kama mzee, anainua masikio. Nyumba nzima hakuna mwingine wa kuinua masikio."

Nikahamia mlango wa tano.

Huko alikaa Bi. Mariamu, mjane wa Mumias, muuza nafaka sokoni, ambaye chumba chake cha pili kilijaa magunia ya mahindi na maharagwe hadi darini. Paka wake watatu walikuwa wafanyakazi, si mapambo. Karani, dume mzee, aliyeuawa, alikuwa akilala juu ya gunia la maharagwe, na panya waliheshimu gunia hilo kwa miaka. Kashata alilinda mahindi. Sukari, mweupe, alikuwa na mimba kubwa na hakulinda chochote. Nilimsalimu kwa salamu za kwao, akaitikia vizuri, akanipa kiti. Macho yake yalikuwa mekundu. Karani alikuwa amezikwa kando ya ukuta nyuma ya nyumba, amezungushiwa kipande cha kanga ambacho bado kilikuwa kipya.

"Sina ugomvi na Mwalimu," alisema. "Mwalimu huniandikia barua zangu na hajawahi kuzisoma kwa sauti. Mbwa akigusa kanga zangu kwenye kamba, nafua tena, sisemi neno. Lakini ameniulia Karani, na sasa anamtazama Sukari. Akimgusa Sukari mimi nahama. Na kabla sijahama, mbwa huyo atakuwa ametangulia."

Nilijua nilichotumwa. Chupa ya kabatini nilikuwa nayo mkobani. Ila nilikuwa sijawahi kumuua mnyama aliyekaa chini kunisikiliza, na nilitafuta njia kama mtu anavyotafuta mlango gizani. Nikaukumbuka utaratibu wa kichaa cha mbwa: anayeshukiwa hufungwa na kuangaliwa siku kumi. Diwani hakuwa na kichaa hata chembe, lakini nilimshuku kwa nguvu zangu zote, nikaandika hivyo. Naibu wa chifu alinisoma kama barua iliyo wazi. "Sawa, siku kumi," akasema. "Ya kumi nitakuja mwenyewe. Akiwa bado adui ya paka, weka dawa kwa nyama."

Siku mbili za kwanza nilipokea ushauri. Hakuna mnyama aliyewahi kuwa na madaktari wengi kuliko mbwa wa ploti. Mama Trufosa wa mlango wa kwanza, ambaye hajawahi kufuga hata kuku, alisema tumfunge paka mfu shingoni. Mwingine alitaka nichome manyoya ya paka nimfukizie moshi puani. Wa mlango wa tisa alishauri pilipili kwenye chakula, halafu akakiri kwamba ndivyo wanavyofanya kwao mbwa akiwa mpole mno. Niliwashukuru wote nikafungua daftari langu la chuo, ambalo lilikuwa na kurasa arobaini juu ya kwato na nusu ukurasa juu ya tabia ya mbwa.

Nusu ukurasa huo ulisema mzoeshe kwa ishara moja isiyobadilika. Ishara nilikuwa nayo shingoni! Siku ya tatu nikamfunga Diwani kwa kamba ndefu kwenye nguzo ya bomba, Mwalimu akasimama kando yake, tukangoja paka apite. Kashata akapita juu ya ukuta. Diwani akakaza shingo. Nikapuliza filimbi kwa mapafu yote ili aache.

Aliruka mpaka kamba ikalia. Hapo ploti ikafanya kile ambacho ploti hufanya. Milango yote ikafunguka, watu wakatoka na vijiko na vifuniko vya sufuria, wakapiga mabati, wakapiga miluzi, "Weee! Diwani! Weee!" Bi. Mariamu alipiga yowe la mtu anayeona mwizi. Mama Trufosa alipiga karai kwa mwiko kwa ustadi mkubwa. Na mimi, mtaalamu, nilipiga filimbi juu ya wote. Mbwa alijitupa mara sita, kila mara kwa furaha zaidi, mpaka Kashata akatoweka na shangwe ikaisha yenyewe.

Tuliendelea hivyo hadi Ijumaa. Asubuhi kabla ya sokoni, jioni baada ya shule. Watu wa ploti ya pili walianza kuja kutazama na watoto wao mgongoni. Katika ripoti niliandika, kwa mwandiko safi: "Mbwa hasikii filimbi." Nawaomba mkipata faili hiyo kwenye makabati ya zamani, muichome.

Siku ya saba ilikuwa Jumamosi. Nilipanda baiskeli mapema kwenda Malinya, ambako Mzee Liyayi alikuwa anatumia likizo yake kwa jambo pekee alilolipenda kuliko chai, yaani kutazama fahali wakipigana. Nitasema ukweli kwa kuwa hakuna tena wa kunipandisha wala kunishusha cheo. Sikwenda kumwomba ushauri. Nilikwenda kumwomba aje aiweke ile sumu yeye, kwa sababu mimi ningeshindwa.

Nilimkuta katikati ya umati, ameshika tawi la majani, sauti imekwisha. Ngoma za isikuti zilikuwa zinapigwa mpaka kifua kinaitikia. Fahali wawili walikuwa wamegusana vichwa bila haraka, kama wazee wanaosalimiana. Mmoja akalegea. Hapo hapo watu wake wakamjia karibu wakiimba, na kijana mmoja akakimbia hadi ubavuni mwake na filimbi mdomoni, akapuliza kwa mapafu yote. Fahali akajitupa mbele. Akalegea tena, filimbi, akajitupa. Pembeni mbwa wawili walikuwa wakirukaruka na kila mlio, ndimi nje, siku yao kuu.

Niliishika filimbi yangu shingoni. Ilikuwa moto kwa jasho langu.

"Huyo mbwa wako," Mzee Liyayi akaniuliza nilipomaliza kueleza, "kwao ni wapi?"

"Hapa," nikasema. "Ni wa marehemu Mzee Ambani."

"Mwenye fahali?"

"Mwenye fahali."

"Na wewe umekuwa unampigianga filimbi? Akiwa anaona paka?"

"Siku nne."

"Na watu wa ploti?"

"Wanapiga mabati."

Alicheka mpaka akamshika mtu asiyemjua begani. Alipopata pumzi akajifuta uso uliotoka machozi ya kicheko, lakini sauti yake ilikuwa ya kazini. "Binti yangu, hamjamkanya. Mmemfanyia sherehe. Kila siku mara mbili. Hata Karani aliuawa mbwa akishangiliwa kwa mayowe ya ploti."

Niliona aibu ambayo bado naijua ladha yake. Nikamuuliza, je, Mzee Ambani akitaka kumaliza pambano alifanya nini?

"Hakuna kitu. Alikuwa hasemi neno. Anakohoa, anageuka, anaenda nyumbani. Watu wake wote wanageuka na yeye. Fahali anabaki hana mtu wa kumwonyesha. Na hiyo mbwa inafuata mgongo wa mzee mpaka Malinya yote inaisha."

Jioni ile nikaitisha mkutano wa ploti pale bombani. Nimewahi kuwaambia wafugaji kwamba ng'ombe wao hawatapona, na haikuwa ngumu kama hii. Niliwaambia kuanzia kesho, Diwani akimwona paka, kila mtu anyamaze, ampe mgongo, aende zake.

Mama Trufosa akainua mkono. "Bila kerere yoyote?"

"Yoyote."

"Sasa tutajuaje imetokea nini?"

"Hamtajua, Mama. Hiyo ndiyo dawa."

Walinitazama kama nimewaambia wauze macho. Lakini aliyekuwa mgumu kuliko wote hakuinua mkono. Bi. Mariamu aliningoja hadi wengine walipotawanyika.

"Nimpe mgongo Sukari? Mbele ya mbwa aliyemuua Karani?"

"Ndiyo, Bi. Mariamu. Yowe lako ndilo analolisubiri."

Alilimeza hilo polepole. Nililiona likishuka. "Daktari," akasema, "una paka wewe?"

"Sina."

"Nilijua."

Siku ya nane tulijaribu, kamba ikiwa bado shingoni. Kashata alipanda ukuta. Diwani akakaza shingo, akasubiri. Hakuna mluzi. Akageuza kichwa kuwatafuta watu, na nawaambieni, sijaona mnyama aliyeshangaa namna ile. Ploti nzima ilikuwa migongo mitupu. Mwalimu akakohoa kikohozi cha baba yake, kizito, cha mtu wa tumbaku, akageuka akaelekea getini. Mbwa alimtazama Kashata, akautazama mgongo, akaufuata mgongo. Mwalimu alimpa kipande cha obusuma, ugali wa kwao, na ukoko wake. Siku ya tisa tulifanya mara nne. Mara ya tatu mtu wa mlango wa saba aliangusha sufuria kwa bahati mbaya, na Diwani akaruka kufumba na kufumbua. Kamba peke yake ndiyo iliyomwokoa Kashata. Bi. Mariamu alikuwa amegeuka kama tulivyokubaliana. Aliusikia mlio wa kamba, akabaki amegeuka.

Siku ya kumi naibu wa chifu alikuja asubuhi, koti limepigwa pasi. Akaitazama kamba. "Fungua," akasema. "Mbwa yeyote akiwa kwa kamba anaweza kuwa mzuri."

Hakuwa na makosa. Mwalimu akafungua. Mkobani mwangu chupa ilikuwa pale pale, imefungwa kwenye gazeti, na nilikuwa nimeshaamua kwamba jambo likiharibika nitaifungua mwenyewe, sitamwita Mzee. Wakati huohuo Sukari akatoka mlango wa tano, tumbo linakaribia kugusa chini, akaja kulala juani katikati ya uwanja, hatua tano kutoka kwa mbwa. Paka ana akili sana, husemwa. Huyu alikuwa ameziacha ndani.

Diwani akakaza shingo.

Bi. Mariamu alikuwa kando yangu. Alichukua pindo la kanga yake akalijaza mdomoni, akafumba macho, akageuka ukutani. Baada yake wakageuka wote. Mama Trufosa akageuka huku ameshika karai lake kifuani kama mtoto mgonjwa. Naibu wa chifu alisita, akaona amebaki peke yake, akageuka na koti lake. Nikageuka mimi.

Nilitazama mabati. Nilisikia bomba likidondosha tone, na lingine. Nilisikia kucha za mbwa kwenye saruji, zikasogea, zikasimama. Bi. Mariamu alikuwa akisoma dua ndani ya kanga, bila sauti, ila mabega yalikuwa yanasoma. Kikohozi kikalia nyuma yetu, kizito, cha tumbaku. Hatua za mtu. Kisha kimya ambacho sijui kilichukua muda gani, nami nilikuwa nataka kugeuka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Kisha geti likagonga.

Tukageuka. Sukari alikuwa pale pale juani, amenyanyua mguu, anajiramba. Kupitia geti tulimwona Mwalimu akishuka barabarani, mikono nyuma, na Diwani hatua moja nyuma yake, kichwa chini, kama wanaotoka Malinya.

Naibu wa chifu alijikohoza. "Sasa imekuwa aje hapo katikati?" akauliza. Akamwuliza Mama Trufosa, ambaye huona hata yasiyotokea. Mama Trufosa akafungua mdomo, akaufunga. Katika historia nzima ya ploti ile hilo ndilo tukio pekee ambalo hakuna aliyeliona. Kwenye fomu yangu palikuwa na nafasi ya mashahidi. Niliandika kwamba walikuwapo wote. Kwenye nafasi ya walichokiona nilipiga mstari, na chupa nikairudisha kabatini na gazeti lake.

Yapata miezi miwili baadaye nilikuwa ofisini nachemsha sindano, Bi. Mariamu akapiga hodi na katoni ya sabuni mkononi. Alikataa kiti, alikuwa na wateja. Aliiweka katoni juu ya meza yangu. Ndani yake alikuwamo mtoto wa paka, mweupe, sikio moja jeusi, mwenye hasira na dunia.

"Wa Sukari," alisema. "Mchukue. Siku nyingine ukimwambia mtu ampe paka wake mgongo, uwe unajua unamwambia nini."